Darasa la watu mia sita: la kumuuliza mwanafunzi kabla ya kukubali nafasi

SWALI: Msomaji wetu wa Mikindani, Mombasa, ameandika kwamba binti yake, aliyepata alama ya B+ katika mtihani wa KCSE, ameitwa kusomea shahada ya uchumi na takwimu katika chuo kikuu kikubwa cha umma jijini Nairobi. Binamu yake aliye mwaka wa kwanza huko anasema ukumbini hukaa watu mia sita na mhadhiri hamjui mtu. Kijana wa jirani, aliye mwaka wa nne katika chuo hicho hicho, anasema masomo ni mazuri na madarasa wala si makubwa. Kitabu cha maelezo cha chuo nacho kimeandika kwamba wastani wa darasa ni wanafunzi thelathini na kitu. Mama huyu anauliza: kati ya hawa, nani wa kuaminiwa? Na je, amwombee bintiye uhamisho aje chuo cha karibu na nyumbani, ambako anatumaini madarasa ni madogo?

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu, na hongera kwa B+ ya binti, najua haikuja bure.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze. Hao wote watatu wamesema kweli, kila mmoja kwa alilolishuhudia. Uhamisho usiuombe kwa sababu ya idadi ya watu ukumbini. Uombe, au uuache, baada ya kupata jibu la swali jingine ambalo mpaka sasa hamjamuuliza mwanafunzi wa huko: je, kazi ya mwisho uliyoiandika ilisomwa na nani, ilirudi lini, na ilirudi ikiwa imeandikwa nini? Nimefundisha takwimu katika vyuo vikuu kwa miaka ishirini na mitatu, na tangu nirudi Mombasa kazi yangu kubwa imekuwa kuwasikiliza wanafunzi wakieleza wanavyosoma na wanavyokwama. Kwa niliyoyaona, darasa kubwa halimdhuru mwanafunzi pale anaposikiliza. Humdhuru pale anapotakiwa kusomwa.

Kwanza tuupatanishe ushahidi wa wale watatu, maana hesabu yake ni nyepesi na wazazi wengi hawajawahi kuonyeshwa. Chukua idara yenye wanafunzi 180 na wahadhiri 10. Uwiano hapo ni mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 18, nao ndio uwiano uliowekwa kwa sayansi za jamii katika viwango vya mwaka 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. (Kwa udaktari na fani zake uwiano ni mmoja kwa 7, na kwa sayansi asilia ni mmoja kwa 10.) Tuseme kila mhadhiri anafundisha yuniti (yaani masomo ya muhula) tatu, basi kuna madarasa 30. Kila mwanafunzi anasoma yuniti sita. Basi kuna viti 1,080 vya kukaliwa. Ukigawanya 1,080 kwa 30 unapata 36, na chuo kitaandika kwenye kitabu chake, bila kusema uongo, kwamba wastani wa darasa ni wanafunzi 36.

Sasa ingia ndani ya idara hiyo. Yuniti nne kati ya hizo 30 ni za lazima kwa kila mtu, na wote 180 wanakaa ukumbi mmoja. Hizo peke yake zimekwisha kula viti 720. Viti 360 vilivyobaki vinagawanywa kwa madarasa 26 ya hiari, ambayo kila moja linapata watu kama 14. Mwanafunzi wa idara hii anatumia theluthi mbili ya muhula wake katika ukumbi wa watu 180, na theluthi moja tu katika chumba cha watu 14. Ukipima kwa macho yake yeye, yaani ukihesabu kila mwanafunzi na ukubwa wa darasa alilomo, wastani unapanda kupita 120. Chuo kimehesabu madarasa, mwanafunzi amehesabu siku zake. Sasa ongeza yuniti za pamoja za mwaka wa kwanza, zile za stadi za mawasiliano na mfano wake, ambazo wanafunzi wa idara nyingi hukusanywa pamoja, na mia sita za binamu zinafika bila mtu kutia chumvi. Mwaka wa nne, kila mmoja akiwa amekwenda na fani yake, kijana wa jirani anakaa na wenzake kumi na wanane na kushangaa watu wanalalamikia nini.

Ndiyo maana nasema maoni ya wanafunzi yasichukuliwe kama kura, kwamba watano wamesifu na watatu wamelaumu, kwa hiyo chuo ni kizuri. Kila anayesema yupo mahali fulani kwenye ngazi, na anasema kinachoonekana kutoka kwenye kidato hicho. Wa mwaka wa kwanza ameona kumbi tu. Wa mwaka wa nne ameyasahau mengi, na wenzake walioanguka njiani hawapo tena kutoa maoni. Shahidi ninayemwamini zaidi ni wa mwaka wa tatu, katika kozi ile ile anayoiendea binti, kwa sababu kumbi kubwa bado anazikumbuka na vyumba vidogo ameshaviona. Sisitizo langu ni hilo la kozi ile ile, maana mwanafunzi wa uuguzi na mwanafunzi wa uchumi wanaweza kula mkahawa mmoja miaka minne na wasiwe wamesoma katika chuo kimoja.

Kumbi hizi hazikujaa kwa bahati mbaya, na si haki kumtupia lawama mhadhiri aliyesimama mbele yake. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia sambamba na wale wa serikali, vyuo vingine vikafuata, na kwa miaka mingi fedha hizo ndizo zilizolipa sehemu kubwa ya gharama. Kisha ukaja mtihani wa KCSE wa mwaka 2016, uliosimamiwa kwa ukali mpya, na waliopata C+ kwenda juu, ambayo ndiyo alama ya kuingilia shahada, wakawa 88,929 tu. Wengi wao walipata nafasi za serikali, wa kujilipia wakaadimika, na vyuo vikaingia kwenye madeni. Kuajiri kukasimama, mhadhiri akistaafu, kiti chake kinabaki kitupu au kinakaliwa na mhadhiri wa muda anayefundisha vyuo viwili vitatu ili apate riziki. Halafu idadi ikarudi kupanda: waliopata C+ na zaidi mwaka 2023 walikuwa 201,133, na mwaka 2024 wakawa 246,391. Ni karibu mara tatu ya wale wa 2016, na mikono ya kuwapokea haikuongezeka mara tatu. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliodumu siku 49 kwa ajili ya malimbikizo ya malipo ya mkataba wa 2017 hadi 2021, ulizaliwa humo humo.

Tufike sasa kwenye kiini. Mhadhara wenyewe, ule wa mtu mmoja kusema na wengi kuandika, haubadiliki sana kati ya watu mia na watu mia sita, mradi kipaza sauti kinafanya kazi na wa nyuma wanaona ubao. Mwenye kuhutubia huweza kuhutubia. Lakini fanya hesabu ya karatasi. Wanafunzi 600, na kila karatasi ya majibu ipewe dakika 15, ambazo kwa swali la kujieleza ni chache: hizo ni saa 150. Mhadhiri akiweza kusahihisha saa tano kila siku baada ya vipindi, ni siku thelathini. Hapo ni mtihani mmoja wa yuniti moja. Akitoa majaribio mawili katikati ya muhula kama inavyotarajiwa, kisha mtihani wa mwisho, amefika saa 450, na muhula mzima wa wiki 14 kwa saa tatu kila wiki una saa 42 tu za kufundisha yuniti hiyo. Hakuna mtu anayeweza kazi hiyo kwa yuniti tatu. Kwa hiyo kinachofanyika ni hiki: majaribio mawili yanakuwa moja, maswali ya kujieleza yanageuzwa ya kuchagua jibu, karatasi zinapigwa alama bila neno, na zinarudi baada ya mtihani wa mwisho, au hazirudi. Katika rundo hilo hilo ndimo maksi hupotea, jambo ambalo kila mwanafunzi wa chuo kikuu Kenya atakusimulia kwa uchungu.

Nina ushahidi wangu mwenyewe katika hili, na si wa kujivunia. Muhula mmoja nilirudi nyumbani Tudor na magunia mawili ya vijitabu vya majibu vilivyofungwa kwa kamba ya katani, hamsini hamsini. Meza ya kulia ikajaa, mke wangu akatandika mkeka sakafuni, na majuma matatu tukala chini. Usiku mmoja nilifungua kijitabu cha kijana mwenye mwandiko safi sana, aliyepiga mistari ya majedwali yake kwa rula na kalamu ya kijani. Swali la kwanza alitakiwa kukokotoa mtawanyiko wa sampuli, na akagawanya kwa idadi yote ya sampuli badala ya kutoa moja kwanza. Kosa dogo. Lakini swali la pili lilitumia jibu la kwanza, na la tatu likatumia la pili, hivyo kosa moja likatembea kurasa sita, kwa mwandiko ule ule mzuri. Nikakumbuka kutazama jaribio lake la wiki ya sita, ambalo bado lilikuwa chini ya rundo. Kosa lilikuwepo pale pale, na mimi nimelipiga alama ya mkasi kwa wino mwekundu, bila neno hata moja, na karatasi sikuwahi kumrudishia. Neno moja tu pembeni, «toa moja», na kijana yule angevuka. Alinisikiliza muhula mzima. Mimi sikumsoma hadi ikawa nimechelewa.

Watu wa pwani jambo hili tunalijua kabla ya kuambiwa na mtu. Neno chuo, kwa wazee wetu, lilikuwa kitabu, na chuoni ni pale watoto walipokwenda kusoma Kurani. Chuoni kwa mwalimu watoto sitini wamejaa baraza, kila mmoja na sura yake, kelele tupu kwa anayepita njiani. Lakini hakuna anayerudi nyumbani kabla ya kusogea mbele, kusoma aya zake, na kusahihishwa pale alipokosea. Na mwalimu akielemewa, mwanafunzi mkubwa aliyekwisha kuhitimu sura hiyo humsikiliza mdogo. Uwiano pale ni mmoja kwa sitini, na kila mtoto anasomwa kila siku. Sisemi chuo kikuu kiwe madrasa. Nasema idadi peke yake haijawahi kutuambia kama mtoto anasikilizwa.

Utafiti nao unakubaliana na hili kwa sehemu kubwa, ingawa hunukuliwa vibaya. Wengi hutaja jaribio la jimbo la Tennessee, Marekani, lililoanza mwaka 1985, lililoonyesha kwamba madarasa ya watoto 13 hadi 17 yalifanya vizuri kuliko ya 22 hadi 25. Ni kweli, lakini hao walikuwa watoto wa chekechea hadi darasa la tatu, na ushahidi huo hauvuki moja kwa moja hadi kwa msichana wa miaka kumi na minane. Kilicho karibu zaidi nasi ni uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na Scott Freeman na wenzake, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ngazi ya shahada. Waligundua kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara moja na nusu zaidi ya wale waliofanyishwa kazi ndani ya kipindi. Faida ilionekana katika madarasa ya ukubwa wote; ilizidi tu katika yale ya watu 50 au chini. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika chuo cha Harvard, alianza mwaka 1991 kulikatiza somo lake kwa swali: kila mmoja ajibu, kisha abishane na jirani yake, kisha ajibu tena. Hilo linawezekana hata katika ukumbi wenye viti mia nne na watu wamekaa madirishani, na nimeliona likifanyika kwa kunyoosha mikono tu.

Kwa hiyo, dada yangu, mtafutie binti mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uchumi na takwimu wa chuo hicho, na amuulize hivi. Je, yuniti kubwa zina vikundi vidogo vya mazoezi, na vinakutana kweli au vipo kwenye ratiba tu? Jaribio la muhula uliopita lilirudi wiki ya ngapi, na lilikuwa na maneno au alama tupu? Maksi zako zimewahi kupotea, na ilichukua muda gani kupatikana? Maabara ya kompyuta ina programu za takwimu, na mnaigawanaje? Ukitaka kumwona mhadhiri, unampata? Akijibu kwamba vikundi vipo na karatasi zinarudi kabla ya wiki ya tisa au ya kumi, ningempeleka mwanangu hata ukumbi ungekuwa na watu elfu moja. Akisema hajaona karatasi yake tangu mwaka wa kwanza, ningeanza kufikiria uhamisho.

Kuhusu uhamisho wenyewe, maombi hufanywa mtandaoni kwa KUCCPS, huduma inayowapangia wanafunzi vyuo, pale inapofungua dirisha la kuhama baada ya kutangaza nafasi. Dirisha hilo huwa fupi. Binti atakubaliwa ikiwa pointi zake zinafikia kiwango cha kozi anayoitaka kule anakotaka kwenda, na ikiwa nafasi imebaki. Lakini usidhani kwamba karibu na nyumbani maana yake ni madarasa madogo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapa Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi, vyote viwili vilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013, navyo pia vina yuniti za pamoja na kumbi za kujaa. Maswali ni yale yale, na majibu yanaweza kuwa mazuri au mabaya kulingana na idara. Faida ya uhakika ya kubaki ni kodi ya chumba na nauli ya kwenda na kurudi, nayo si ndogo; ipime kama jambo la fedha, usiivike joho la elimu.

Akienda Nairobi, kuna mambo ambayo hayangoji. Wiki ya kwanza atafute wenzake wanne, si lazima wawe wa pwani, wakubaliane kukutana mara mbili kwa wiki na kusahihishiana kazi kwa kalamu, kila mmoja akiandika pembeni ya kosa kwa nini ni kosa. Huyo ndiye mwanafunzi mkubwa wa kule chuoni aliyemsikiliza mdogo, na kwa mwanafunzi wa kumbi kubwa sijaona kinga bora zaidi. Akae safu za mbele, kwa sababu za nyuma hazisikii. Kila jaribio analolifanya alipige picha kabla ya kulikabidhi ikiwa anaruhusiwa, na kila karatasi ya mahudhurio aisaini mwenyewe, asimwachie mtu. Siku maksi zitakapopotea, hizo ndizo hoja zake. Amjue kiranja wa darasa, maana katika umati huo ndiye mlango wa kumfikia mhadhiri.

Na amwendee mhadhiri ana kwa ana, mapema, akiwa na swali moja lililoandikwa. Wanafunzi mia sita wakitaka dakika kumi kila mmoja, hizo ni saa mia moja, na ndiyo sababu wengi wanaamini haiwezekani na hawaendi. Katika miaka yangu yote, darasa la mia tano lilinipatia wageni kumi na tano, labda ishirini, kwa muhula. Niliwajua kwa majina yao. Kijana wa kalamu ya kijani hakuwa mmoja wao, na sidhani alijua kwamba mlango ulikuwa wazi.

Binamu yake binti tayari yuko huko. Mpigie simu jioni ya leo, mwombe akutafutie mwanafunzi huyo wa mwaka wa tatu, na amuulize kuhusu karatasi kabla ya kuuliza kuhusu viti. Dirisha la uhamisho likifunguliwa mkiwa bado hamjapata jibu, niandikie tena na nitakusaidia kulisoma mtakalokuwa nalo.